Udongo hauongezi damu, ila ile hamu ya udongo ina kitu inasema

Mdogo wangu ana mimba ya miezi saba, anakaa Chang'ombe hapa hapa Dodoma mjini, na wiki tatu zilizopita alipimwa damu kliniki ikaja 8.6. Kwa mjamzito wa miezi hiyo chini ya 11 ni upungufu, hicho ndo kipimo cha Shirika la Afya Duniani na ndo kinachotumika kliniki, kwahiyo 8.6 sio ya kuichukulia poa. Jioni nikampitia, nikamkuta barazani kakaa kwenye mkeka, pindo la kanga kafungia vijiti vya pemba, huu udongo wa kutafuna, kama vinne hivi, kimoja kakishika anakimega kwa meno ya mbele kidogo kidogo, ule mlio wa kusagika unausikia kabla hujafika mlangoni. Nikamwambia mama we, si umeambiwa damu haitoshi? Akanijibu hata hajaniangalia: "Dada, ndo maana nakula."

Hilo jibu limenikaa kichwani mpaka leo. Na sio lake peke yake, ni jibu la wanawake wengi sana huku kwetu, la mama zetu, la mashoga zetu wa kazini wanaotembea na pemba kwenye pochi kama wengine wanavyotembea na pipi. Nenda Majengo sokoni utavikuta vimepangwa pembeni ya tangawizi, magadi na ubani, vijiti vya urefu wa kidole, vya kijivu, vya kahawia, vingine vyekundu kabisa, na ukivishika tu kabla hujaonja unasikia ile harufu ya mvua ya kwanza inapopiga vumbi la Dodoma, yule ambaye hajawahi kuitamani hiyo harufu hawezi kuelewa. Muuzaji anakwambia huu mzuri dada, una madini, unaongeza damu. Bibi yetu wa Mvumi yeye hakununua, alikuwa anamega kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, tena alichagua, sio kila kichuguu, na alizaa watoto tisa. Mfano wa bibi ndo unaotolewa kila tukianza kubishana nyumbani.

Kwahiyo nikasema ngoja nisome, maana mi nimechoka kusikia upande mmoja unasema "uchafu huo acha" na upande mwingine unasema "dawa hiyo ya asili" halafu hakuna anayekuonyesha kitu. Watafiti wamelihangaikia hili suala muda mrefu, na sehemu kubwa ya kazi imefanyika huku huku kwetu, Tanzania, Kenya na Zambia, sio mambo ya mbali.

Tuanze na muuzaji, tumtendee haki. Madini yapo. Geita walipima udongo unaoliwa na wajawazito kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo, utafiti ukachapishwa 2014, wakakuta chuma, zinki, shaba, manganizi. Katika wajawazito 340 waliohojiwa, 155 walikuwa wanakula udongo, karibu nusu. Kwahiyo yule mama wa Majengo akisema kuna madini hadanganyi. Hata bila maabara, huu udongo mwekundu wa Dodoma unaotuharibia soksi za watoto ni mwekundu kwa sababu ya chuma, ni kutu, ile ile ya kwenye bati na kwenye msumari uliosahaulika nje.

Sasa shida inaanzia hapo kwenye kutu. Kuwepo kwa chuma kwenye kitu na chuma hicho kuingia kwenye damu yako ni safari mbili tofauti. Nilifanya kajaribio jikoni, sio maabara najua, ila kalinisaidia kuona. Nilichukua kidonge kimoja cha fefo, hivi vya kliniki vya kuongeza damu, nikakisaga, nikakiweka kwenye glasi ya chai ya rangi. Chai ikageuka nyeusi tii kama wino. Chuma kiliyeyuka, kikakutana na ule ukakasi wa majani ya chai, vikashikana (ndo maana manesi wanasema usimeze fefo na chai, sikuwahi kuelewa mpaka siku hiyo). Glasi ya pili nikasagia pemba, ile nyekundu, chai ile ile. Ikawa tope tu. Nikaiacha mpaka asubuhi, udongo wote umekaa chini umeshikana kama saruji na chai juu ina rangi yake ile ile ya chai. Nikarudia udongo na maji ya limao nikisema labda uchachu wa tumbo utasaidia, tope likakaa chini vile vile. Chuma cha kwenye udongo mwekundu kimejifungia, hakiyeyuki kirahisi.

Sio kwamba hakitoki hata kidogo. Hapa lazima niwe mkweli maana kuna utafiti mmoja watetezi wa pemba wangeujua wangeushika kweli kweli. Mwaka 1998 kulichapishwa kazi ya watoto wa shule magharibi mwa Kenya, watoto waliokuwa wanakula wastani wa gramu 28 za udongo kwa siku, na watafiti wakauloweka ule udongo kwenye asidi, wakakokotoa kwamba mtoto angeweza kupata kama miligramu 4.7 za chuma kwa siku kutoka humo. Sio kidogo hiyo kwa mtoto, ni kama theluthi ya mahitaji yake. Kwenye karatasi udongo unaonekana chakula. Lakini watoto hao hao walipopimwa damu, wanaokula udongo ndo walikuwa na upungufu zaidi kuliko wasiokula. Hesabu ya asidi ilisema hivi, damu ya mtoto ikasema vile, na mi kwenye ugomvi kama huo nasimama na damu.

Kwanini iwe hivyo? Hapa ndo penye utamu. Udongo wa mfinyanzi ukiuangalia kwa ukaribu sana ni vijitabaka vyembamba mno vimelaliana kama chapati zilizopangwa kwenye sahani, na vile vijitabaka vina chaji hasi juu yake, wakati chuma kikiyeyuka kinakuwa na chaji chanya, sasa vitu hivyo viwili vikikutana vinavutana. Tumboni kuna asidi, chuma kidogo kinaachiwa, sawa, ila chakula kikishuka kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo chuma ndo kinatakiwa kiingie mwilini, asidi inapungua na udongo unakishika tena, tena haushiki kile chake tu, unashika na kile kilichotoka kwenye maharage, kwenye mchicha na kwenye fefo. Uturuki walishalijaribu hili kwa watu, majibu yakatoka 1968, wakampa mtu chuma pamoja na udongo wanaokula kule, chuma kilichoingia mwilini kikashuka. Kwahiyo mdogo wangu anayemeza fefo saa mbili usiku halafu saa mbili na nusu anatafuna pemba, yeye anahisi anaongezea juu ya dawa, kumbe inawezekana kabisa anaifuata dawa na kuizuia njiani. Kidonge kimoja cha fefo kina kama miligramu 60 za chuma chenyewe, na mimba nzima inahitaji kama gramu moja ya chuma, kwa hesabu hiyo kila kidonge kinachoshikwa na udongo kina maana yake.

Nikasema sasa nina jibu, udongo unamaliza damu, kesi imeisha. Haijaisha hivyo.

Kilifi pwani ya Kenya, mwaka 1998 pia, wajawazito 275, zaidi ya nusu wanakula udongo, na wanaokula wana damu ndogo na akiba ndogo ya chuma. Dar es Salaam, 2009, wajawazito 971 wanaoishi na virusi vya Ukimwi, karibu 29 kwa kila 100 wanakula udongo mara kwa mara, na hapo pia udongo na upungufu wa damu vinatembea pamoja. Tafiti zinakubaliana. Ila zote zinapima watu waliokwishaanza kula, hakuna iliyowachukua wanawake wazima wenye damu nzuri ikawagawia udongo kuona kitatokea nini, na haitakuwepo maana ni nani ataruhusu. Kwahiyo zinakuonyesha viwili viko pamoja, hazikuonyeshi nani kamleta mwenzie. Inawezekana udongo unashusha damu. Inawezekana damu ikishuka ndo inaleta hamu ya udongo. Inawezekana yote mawili yanazungukana, damu inashuka, hamu inakuja, unakula, damu inashuka tena.

Utafiti ulionigeuza kichwa ni wa kisiwani Pemba, uliochapishwa 2010, wajawazito zaidi ya 2,300. Kule wanaokula udongo walikuwa wachache, hawakufika hata 6 kwa 100, lakini wanaokula wanga mbichi, hasa mchele mbichi, walikuwa zaidi ya theluthi. Na hao wa wanga mbichi nao walikuwa na damu ndogo. Sasa mchele mbichi una madini gani ya kuongeza damu? Hauna cha maana. Hakuna mtu sokoni anayeuza mchele mbichi akisema dada huu unaongeza damu. Wengine wenye upungufu wa chuma wanatamani barafu, wanatafuna barafu kutwa, na barafu ni maji tu. Kwahiyo ile hoja kwamba "mwili unajua unachokosa ndo maana unatamani udongo", naiona ni nusu ya ukweli. Mwili unajua kuna kitu hakipo. Ila unachotamani sio lazima kiwe na hicho kitu.

Kuna waliojaribu kuigeuza hii kwa kutoa dawa. Lusaka, watoto wa shule, majibu 2004, waligawanywa kwa bahati nasibu wengine wakapewa chuma wengine vidonge vitupu, kuona kama chuma kikiongezeka hamu ya udongo itaisha. Haikuisha kwa sababu ya chuma, hakukuwa na tofauti. Kwa barafu ni kinyume, watu wakipewa chuma ile hamu mara nyingi inakatika haraka. Kwahiyo udongo una kamba zaidi ya moja inayomvuta mtu, kuna chuma, kuna mazoea, kuna harufu, kuna kuona mama yako alikula. Na kuna tumbo.

Tumbo ndo sehemu ambayo nadhani bibi alikuwa na haki. Watafiti waliokusanya maandiko ya ulaji udongo kutoka dunia nzima wakatoa uchambuzi wao 2011, wakapima hoja tatu, kwamba watu wanakula kwa njaa, kwa kukosa madini, au kwa kujikinga, na iliyosimama vizuri zaidi ni ya kujikinga. Udongo laini unatandika ukuta wa tumbo na unashika sumu na vijidudu. Angalia wanaokula ni akina nani, wajawazito wa miezi ya kwanza wenye kichefuchefu na watoto wadogo, wale wale ambao sumu ya chakula inawaumiza haraka. Hata hospitalini dawa za kuzuia kuharisha zenye udongo zimetumika miaka mingi, kaolini ile ni udongo mweupe tu, milima ya Pugu pale karibu na Dar imejaa. Kwahiyo mwanamke anayekwambia pemba inanituliza kichefuchefu msimwite mjinga. Anasema kitu ambacho anakihisi na ambacho kinaelezeka. Alichokosea ni kukiita kinaongeza damu, na sasa hivi gharama ya ile ngao inaweza kuwa ni damu yenyewe, maana udongo ukishika hauchagui, sumu inashikwa na chuma kinashikwa.

Halafu kuna lile ambalo mi ndo linaninyima usingizi kuliko hata chuma. Risasi. Sio ya bunduki, madini ya risasi, haya ya kwenye betri za magari. Risasi inavuka kondo la nyuma inaingia kwa mtoto, inaumiza ubongo unaojengwa, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Udongo unaouzwa kwa wajawazito wa Tanzania ulishapimwa, kazi ikachapishwa 2013, na risasi ni moja ya vitu vilivyokutwa. Ule wa Geita ulikuwa na aseniki, na Geita ni eneo la dhahabu, aseniki na dhahabu hukaa pamoja kwenye miamba. Ndo maana ukiniuliza udongo gani mzuri sina jibu, na muuzaji naye hana, kwa sababu madini ya sumu hayana harufu wala ladha. Hata hapa katikati ya nchi tu, udongo wa Bahi sio wa Kongwa, Bahi kuna urani ardhini watu wameitafuta miaka na miaka. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ufaransa ilishauri dawa za kuzuia kuharisha zenye udongo wasipewe watoto chini ya miaka miwili, na wajawazito na wanaonyonyesha wasizitumie, kwa ajili ya risasi kidogo iliyomo. Hizo ni dawa za kiwandani zilizosafishwa, zenye lebo. Kijiti cha Majengo hakina lebo, hakina jina la mlima wala kijiji, nimemuuliza muuzaji unatoka wapi akasema unaletwa na gari.

Minyoo nitaipita haraka. Wengi wanaanzia huko lakini udongo uliochomwa vizuri mayai ya minyoo yanakufa, ila ule wa kuanikwa juani tu au wa kumega kichuguu ni bahati yako, na ile kazi ya Dar ilikuta minyoo mikubwa ya tumbo imeambatana na ulaji wa udongo.

Sasa turudi kwa mdogo wangu maana huku ndo nilikotaka kufika. Siku ile damu ilipokuja 8.6 nesi alimuuliza mbele ya wenzake kwenye benchi, "Na udongo unakula eeh? Mnapenda uchafu nyie." Akasema sili. Basi. Hapo kliniki ikapoteza taarifa muhimu kuliko zote za siku ile. Kwa hizo tafiti zote nilizozisoma, za Kilifi, Dar, Pemba, kitu kimoja hakina ubishi: mwanamke anayetamani udongo au mchele mbichi ana uwezekano mkubwa zaidi kwamba damu yake iko chini. Kumuuliza vizuri ni kama kipimo cha bure, hakihitaji sindano wala kitendanishi, na kwenye zahanati ya kijijini ambako kipimo cha damu leo kipo kesho kimeisha, hicho ni kitu kikubwa. Takwimu za taifa za 2015-16 zilionyesha wajawazito 57 katika 100 wana upungufu wa damu. Zaidi ya nusu ya benchi! Ukimtukana mmoja, kumi waliokaa nyuma yake wanajifunza kusema sili.

Na kuna fefo zenyewe. Mdogo wangu alikuwa hazimezi zote, nilizikuta kwenye droo. Zinamfungisha choo, zinamletea kichefuchefu, choo kinakuwa cheusi akaogopa, hakuna aliyemwambia kwamba weusi ule ni kawaida. Halafu pemba inamtuliza kichefuchefu, na pemba nayo inafungisha choo, kwahiyo yuko kwenye kona. Tulikaa tukapanga, sikumwambia acha leo maana najua atajificha. Nilimwambia fefo meza usiku wakati wa kulala, kama tumbo linasumbua meza na chakula kidogo, chai weka mbali, na pemba kama hamu imekushinda iwe mchana, mbali kabisa na fefo, na ipungue kila wiki. Akiniambia yule dokta wa kliniki ana maelekezo tofauti afuate ya dokta. Na kwenye chakula, ugali wa uwele na mlenda tunaokula kila siku una chuma ila kimeshikwa na vitu vingine vya kwenye nafaka, vitamini C inasaidia kukiachia, na hapa Dodoma kweli tukose vitamini C na mibuyu yote hii? Juisi ya ubuyu pamoja na chakula, sio ile pipi ya ubuyu yenye rangi, ule unga mweupe wenyewe. Dagaa kila ikiwezekana, na nyama hata kidogo, chuma cha nyama kinaingia mwilini kirahisi kuliko cha majani.

Ninachokiomba sana ni vijiti vipimwe. Chakula tangu 2019 kiko chini ya TBS, shirika la viwango, dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa, na pemba inaliwa kama chakula na inauzwa kwa maneno ya dawa, sasa sijali nani ataichukua ilimradi mmoja aichukue. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo hapa juu mlimani, kina wanafunzi wa kemia kila mwaka wanaotafuta mada ya utafiti. Wachukue vijiti vya Majengo, vya Sabasaba, vya soko la Ndugai, wapime risasi na aseniki, majibu yabandikwe pale pale sokoni kwa Kiswahili, na akina mama wauzaji waambiwe kwanza kabla ya mgambo kufika, hiyo ndo ada ya shule za watoto wao.

Mdogo wangu karudi kliniki juzi. Imekuja 9.4. Nilimuuliza vipi pemba, akafungua pindo la kanga akanionyesha, kimebaki kimoja, akasema ananusa tu siku hizi. Sijui kama ananusa tu. Tarehe yake nyingine ni wiki mbili zijazo, na safari hii naenda naye, nikae naye pale kwenye benchi, wakimuuliza aseme.